Kwaya Iliyokohoa kwa Sauti Tatu

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa mwalimu wa darasa la nne mjini Kisumu, na pia kiongozi wa kwaya ya kanisa letu dogo. Katika kazi hizo mbili, ya pili ndiyo niliyoiona inastahili kipaji changu. Sauti yangu yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Nilichojaliwa kwa wingi ni maoni. Nilikuwa na maoni kuhusu jinsi ya kusimama, jinsi ya kufungua mdomo, na hasa kuhusu koo, ambalo nililitunza kama mtu anayebeba yai juu ya kijiko.

Maoni ya koo niliyapata kwa mama. Nililelewa Kericho, baba alikokuwa akichuma majani chai, na kule asubuhi ukungu hushuka mpaka mlangoni. Mama aliamini kwamba homa ya mafua huletwa na upepo. Mtoto akipiga chafya, aliuliza swali moja tu: nani aliacha mlango wazi? Kwa hivyo nilipoletwa kufundisha Kisumu, mji ambao saa nane mchana hata mbuzi wanagombania kivuli, nilikuja na skafu ya sufu shingoni. Na niliivaa.

Mke wangu alizaliwa papa hapa karibu na ziwa. Jioni moja alinitazama nikiifunga mbele ya kioo.

"Mwalimu, unaenda wapi?"

"Mazoezi ya kwaya."

"Ah. Nilidhani unaenda Ulaya."

Naye alikuwa mmoja wa waimbaji wetu wa alto, kwa hiyo tulitoka pamoja, yeye akiwa mbele kidogo ili watu wasijue tumeoana.

Tulifanyia mazoezi katika chumba cha shule ya Jumapili, nyuma ya kanisa. Upande wa ziwa kilikuwa na madirisha makubwa ya mbao, na kila alasiri upepo uliingia kwa nguvu ukapeperusha karatasi za nyimbo. Waimbaji wote waliupenda. Walifika wamechoka na jua, wakasimama mbele ya madirisha yale na kufumba macho. Mimi niliuona ule upepo kama mwizi. Mwezi wa saba mwaka ule kulikuwa na mashindano ya kwaya za makanisa ya kando ya ziwa, huko Usenge, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna koo hata moja litakaloibwa kabla ya siku hiyo. Nikaazima nyundo nikayapigilia madirisha yote misumari.

Mzee wa kanisa alikuja kuangalia kelele ni za nini.

"Mwalimu, tumeibiwa?"

"Bado, mzee. Najikinga na mafua."

Alitazama misumari, akatazama skafu, akaenda zake bila kusema neno. Siku hizo nilichukua kimya chake kuwa ni heshima.

Tuliimba basi ndani ya tanuri. Soprano walisimama bega kwa bega na alto, wanaume wa sauti ya tena, ile ya juu kuliko besi, walikuwa wakipumulia visogo vya wanawake, na mimi katikati nikiwaambia wafungue midomo zaidi. "Zaidi! Sauti itoke tumboni!" Jasho lilitiririka mpaka sakafu ikawa na madoa.

Waliokosa joto hilo ni besi. Tulikuwa na besi watatu tu, wote wapagazi wa bandarini, wanaume wenye vifua kama magunia waliyoyabeba, na kila mara walichelewa. Nilikuwa na sheria kwamba anayechelewa haingii, atasimama verandani aimbie huko.

"Mwalimu," alisema mkubwa wao siku ya kwanza niliyowazuia, "sisi tumechelewa kwa sababu meli imechelewa. Sasa hiyo ni makosa yetu?"

"Meli haiimbi besi," nikamjibu, nikafunga mlango.

Nililipenda sana jibu hilo. Nililirudia nyumbani wakati wa chakula, na tena kesho yake shuleni. Tangu siku hiyo besi wetu waliimba kutoka nje, upepo wa ziwa ukiwapiga mgongoni, nami nikiamini nimewapa adhabu kali.

Nyota ya kwaya yetu ilikuwa mama mmoja mjane, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyekuwa akichukua samaki Asembo Bay na kuwauza sokoni mjini. Wote tulimwita Mama, hata mimi. Alikuwa na soprano nyembamba iliyopanda bila kutetereka, na mikono yake ilinukia ngege, samaki wa ziwani aliowauza, hata baada ya sabuni. Mimi aliniita japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, na jinsi alivyolitamka nilisikia kama anamwita mtoto aje ale.

Wiki chache kabla ya mashindano, darasa langu lilianza kukohoa. Dawati la nyuma lilianza, likafuata la kati, na baada ya siku chache nilikuwa nikifundisha kuzidisha juu ya kelele kama za kiwanda. Siku ya mazoezi niliamka pua ikiniwasha na mgongo ukiniuma. Nilijiambia ni vumbi la chaki. Mtu anayejua koo kama nilivyojua mimi hawezi kupata mafua, na zaidi ya hapo, kwaya bila kiongozi ni nini?

Hata hivyo, kwa kuwa homa ilikuwa mjini, niliamua kuwakinga watu wangu. Nilichemsha tangawizi nyingi, nikakamua ndimu, nikatia asali, nikajaza chupa ya chai. Nikabeba na kikombe. Nasema kikombe, kimoja, cha bati, chenye ua jekundu. Mbele ya kwaya nzima nilieleza faida za dawa yangu, nikapiga chafya ndani ya hanchifu, nikamimina, na ili wasiogope ukali wa tangawizi nikanywa mimi kwanza. Kisha kikombe kikazunguka. Mama alikunywa, mke wangu akanywa, soprano wote wakanywa, alto wote, na wale wa tena wote, kila mmoja akikirudisha kwangu nikijaze tena.

Mkubwa wa besi aligonga mlango. "Mwalimu, na sisi?"

"Dawa ni ya wanaofika mapema."

Tukaimba, madirisha yakiwa na misumari, mimi nikiongoza kwa hanchifu ileile kwa sababu fimbo yangu ilikuwa imepotea. Mwisho wa mazoezi nilimshika mkono kila mtu aliyekuwa ndani, kama ilivyokuwa desturi yangu. Nikifikiria leo, sijui ni njia gani nyingine ya kuwaambukiza niliyoisahau.

Mimi nililala kesho yake. Homa ilinipanda kama moto wa nyasi kavu. Mifupa iliuma, macho yaliuma nilipoyageuza, hata nywele ziliuma. Nilijifunika mablanketi yote tuliyokuwa nayo nikamwita mke wangu.

"Mambo yangu ndiyo haya yanaisha," nilimwambia. "Vyeti vyangu viko ndani ya sanduku."

"Kunywa maji."

"Mpelekee habari mama yangu Kericho. Mwambie ilikuwa upepo."

"Mwalimu, kunywa maji."

Siku mbili nzima alinipikia uji, akanipangusa uso kwa kitambaa, akanishika nilipokwenda msalani kwa hatua za mzee wa miaka mia. Siku iliyofuata nilidai kupelekwa hospitali nidungwe sindano. Kwa watu wa wakati ule, ugonjwa usiodungwa sindano ulikuwa ni ugonjwa uliodharauliwa. Tulienda kwa miguu, polepole, mimi nikimwegemea na kuguna.

Tulipofika kwenye veranda ya wagonjwa nilidhani homa imenipanda kichwani. Kwenye benchi la kwanza walikaa soprano. La pili, alto. La tatu lilikuwa na wale wa tena, wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Sijui kama walijipanga hivyo kwa mazoea au kwa bahati. Mmoja akikohoa huku, mwingine aliitikia kule, na kwa masikio yangu ya ualimu nilisikia kwamba wale wa tena walikuwa wakichelewa kuingia, kama kawaida yao.

Sista, muuguzi aliyekuwa akipima watu, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alituangalia sote, akaniangalia mimi na skafu yangu.

"Nyinyi mnaishi nyumba moja?"

"Hapana, Sista. Sisi ni kwaya."

"Na wewe ndiye mkubwa wao?"

Nilijinyoosha kidogo. "Ndiye mimi."

Alinitia kipimajoto mdomoni. Wakati tukingoja, akamtazama mke wangu aliyekuwa amesimama ukutani, akachukua kipimajoto kingine akamtia naye. Akavisoma vyote viwili. Kisha alinivuta pembeni.

"Mzee, joto lako limepanda. Lakini la mama huyu limepita lako. Ameugua tangu lini?"

Sikujua. Nilimgeukia mke wangu. Macho yake yalikuwa mekundu na midomo imekauka. Alikuwa ameugua siku ileile niliyougua mimi, akapika uji akiwa na homa, akachota maji akiwa na homa, na amenibeba njia nzima mpaka hapo nikiwa nimemwegemea kwa uzito wangu wote.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema saa ngapi?" akajibu. "Ulikuwa ukizungumza."

Nikampisha akae kwenye benchi la alto.

Niliomba sindano hata hivyo, lakini kwa sauti ya chini. Sista akatikisa kichwa.

"Homa hii ina kidudu chake, na hicho kidudu hakisikii sindano. Utadungwa matako bure. Nendeni mkalale, mnywe maji na uji na supu, hii aspirini itapunguza maumivu. Siku chache mtaanza kupona, ila uchovu utakaa kidogo. Lakini sikilizeni nyote: mtu akishindwa kupumua vizuri, kifua kikichoma, au homa ikishuka kisha irudi kwa nguvu, huyo arudi hapa mara moja. Usiku au mchana. Na wazee ndio wa kuangaliwa sana, na akina mama wenye mimba, na watoto wadogo."

Kisha akauliza tumeupataje wote kwa pamoja. Nilianza kueleza habari za upepo wa ziwa. Alinisikiliza kwa adabu.

"Kidudu hiki kinatoka mdomoni na puani," alisema. "Mtu akikohoa, akipiga chafya, hata akiimba. Kikipata hewa ya kutosha kinatawanyika. Huko mnakoimba madirisha yako wazi?"

Mabenchi matatu yalinitazama.

"Yamefungwa," akasema soprano mmoja.

"Kwa misumari," akaongeza mwimbaji wa tena aliyekaa mwisho.

"Na mmekunywa chombo kimoja?"

Hakuna aliyejibu, lakini nadhani kimya chetu kilikuwa na ua jekundu.

"Katika kwaya yenu yote, nani hajaugua?"

Tulihesabu kwa macho. Ndipo mke wangu akasema, "Besi. Besi wako kazini."

"Wao wanaimbia wapi?"

"Nje," nikasema. "Niliwafukuza. Walichelewa."

Sista alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alikuwa mtu mwema. Hakucheka mbele yangu. Nilimsikia akicheka baada ya kuingia chumbani mwake na kufunga mlango.

Mtu aliyelelewa na mama yangu hageuki imani asubuhi moja. Jioni ile besi watatu walikuja kuuliza kama kuna mazoezi, nami kutoka kitandani niliwauliza siri yao. Waliniambia ni vichwa vya samaki. Wao hula vichwa vya samaki kila siku, na mafua hayawezi kumwingia mtu wa namna hiyo. Niliwaamini zaidi ya nilivyomwamini Sista, na wiki ile nzima nilitafuna vichwa vya samaki, mifupa ikinichoma ufizi.

Lakini jioni ileile, besi wakiwa bado wamesimama pale, mke wangu, aliyekuwa amelala upande wa pili wa chumba, aliinuka kwa kiwiko.

"Mama hakuwa hospitali," alisema. "Soprano wote walikuwepo isipokuwa Mama. Mmemwona sokoni?"

Besi walitazamana. Hawakuwa wamemwona. Meza yake ilikuwa tupu tangu juzi, na wao walidhani amekwenda Asembo.

"Nendeni kwake sasa hivi," mke wangu akasema.

Mama alikuwa akipanga chumba mtaa wa Nyalenda. Walimkuta amekaa kitandani ameegemea ukuta kwa sababu akilala hewa haitoshi. Alikuwa akipumua haraka haraka, na alijaribu kuwakaribisha chai akashindwa kumaliza maneno. Hawakungoja teksi wala mtu wa kuwashauri. Mmoja alikimbia akaleta mkokoteni, wakatandika blanketi, wakamlaza akiwa ameinuliwa mgongo, wakamsukuma mpaka hospitali wale wanaume watatu wakikimbia barabarani na watu wakiwapisha.

Walirudi kunipa habari usiku ule. Daktari alikuwa amesema ni nimonia. Homa ya mafua ilikuwa imemdhoofisha, na ugonjwa mwingine ukapata njia ya kuingia mapafuni. Kwa ule wa pili, penisilini ilifaa, na tayari alikuwa ameanza kudungwa.

Nilikaa na habari hiyo. Ile sindano niliyoililia mimi, asubuhi, kwa ajili ya mifupa yangu, yeye ndiye aliyekuwa akiihitaji, naye hakuwa amelilia chochote. Sikuweza kumtazama mke wangu. Nilimwona Mama akinirudishia kile kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyopokea na kurudisha kitu cha mwalimu.

Alikaa hospitali muda, na kuna siku besi walirudi kutoka kumtazama wakasema hajawatambua. Siku hiyo nilivua skafu bila kujua, nikaiweka mahali, na hata leo sijui ilikwenda wapi. Kisha siku moja walirudi wakisema amewauliza bei ya ngege.

Nilipopona niliruhusiwa kwenda kumwona. Alikuwa amekonda, mikono yake juu ya shuka imekuwa midogo. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuomba radhi, ya aina ninayowafundisha watoto kuandika kwenye insha.

"Japuonj," akanikatiza. "Hiyo dawa yako ilikuwa tamu."

"Asante, Mama."

"Lakini ilikuwa na mate ya wale wa tena."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikaogopa nikaita Sista. Mama alinishika mkono nikae. Nilimuuliza kwa nini hakuja hospitali mapema.

"Nilisema ni homa tu, itapita. Na samaki hawangojei mtu apone." Akaivuta shuka. "Safari nyingine nitakuja. Na wewe safari nyingine fungua dirisha."

Yalibaki mashindano. Siku ya lori kuondoka kwenda Usenge, nusu ya kwaya ilikuwa bado ikikohoa, na mimi sauti yangu ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. Hata hivyo nilivaa suti. Mke wangu alisimama mlangoni.

"Unaenda kuwapelekea watu wa Usenge nini?"

"Wimbo."

"Ukipanda hilo lori na kikohozi hicho, mimi narudi kwetu."

Kwao kulikuwa mwendo mfupi tu, lakini sauti aliyotumia ilikuwa ya safari ndefu. Nikavua suti.

Walioenda ni wale walio wazima, yaani besi watatu. Niliwaambia wasiende kujiaibisha, kwaya haiwezi kuimba kwa sauti moja. Wakasema lori lipo, nguo zimepigwa pasi, na huko Usenge kuna samaki. Basi walipanda jukwaani mbele ya watu wote wa kando ya ziwa, wanaume watatu wenye vifua, wakaimba mstari wa besi mwanzo mpaka mwisho. Katika wimbo ule kazi ya besi ni kushikilia tu, "Bwaaana, Bwaaana," na kungoja wengine wapande na kushuka. Walingoja kwa uaminifu. Palipokuwa pa soprano walinyamaza wakatazama juu, kama wanamsikia Mama, halafu wakaingia tena palepale panapotakiwa.

Walinisimulia kwamba mwamuzi alikuna kichwa. Akasema, "Msingi wa nyumba hii ni imara sana. Lakini nyumba yenyewe iko wapi?"

"Ina mafua," akajibu mkubwa wa besi.

Walikuwa wa mwisho, na walipigiwa makofi kuliko waliokuwa wa kwanza. Walirudi na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, na furaha ambayo sikuwahi kuwapa mazoezini. Kesho yake wakaja na mtaimbo wa bandarini, wakang'oa misumari yangu yote bila kuniomba ruhusa, na walipomaliza waliingia ndani wakasimama mahali pao. Hakuna aliyekohoa kwa muda mrefu baada ya hapo ila wale waliokuwa wakinicheka.

Siku hizi mimi mwenyewe ndiye mzee wa kuangaliwa, na nasikia kuna chanjo ya homa hii inayotolewa upya kila mwaka kwa sababu kidudu chake hubadilika. Wakati ule hatukuijua. Tulichokuwa nacho ni dirisha, maji na sabuni, kikombe cha kila mtu, na akili ya kubaki nyumbani. Ya mwisho ndiyo iliyonichukua muda mrefu kujifunza.

Mwaka uliofuata, wiki ya mashindano, niliamka pua ikiniwasha na mgongo ukiuma. Safari hii sikusema ni chaki. Nililala, nikanywa maji bila kuambiwa mara mbili, nikamwachia mke wangu kwaya. Aliiongoza kwa mkono mtupu, Mama akiwa mbele, sauti yake imeshuka kidogo baada ya ule ugonjwa lakini haijatetereka, na besi wakiwa ndani. Walishika nafasi ya pili. Waliporudi niliwasikia wakiimba barabarani tangu mbali, vizuri sana, na walipofika dirishani kwangu mkubwa wa besi aliinama akaniambia nisiwe na haraka ya kupona.